Waandika programu mliokulia ughaibuni, tupeane uzoefu

#1
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika programu ambao wamekulia nje ya nchi ya wazazi wao. Malezi hayo yamewapa jicho gani kwenye teknolojia? Mambo ya nani analipwa vizuri tuyaache pembeni.

Naanza mimi. Nimekulia Ujerumani, ambako desimali huandikwa kwa mkato na maelfu hutengwa kwa nukta. Shuleni 1.500 ilikuwa elfu moja na mia tano. Mzee nyumbani akiisoma, moja na nusu. Ndiyo maana siiamini namba yoyote inayokuja kama maandishi mpaka nijue imeandikwa wapi. Kazini tuliwahi kupokea faili la mauzo, programu yetu ikawa inakata kila penye mkato. 12,50 ikapasuka: jina la bidhaa na 12 safu moja, 50 na idadi safu ya pili. Watu wakaanza kumlaumu aliyetuma. Mimi nikauliza tu limetoka kwenye kompyuta ya nchi gani. Excel iliyowekwa Kijerumani hutenganisha safu kwa nuktamkato, maana mkato tayari una kazi yake.

#2
Hiyo ya namba cha mtoto, mkuu. Njoo Uturuki.

Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina herufi kubwa yake. Kubwa ya i ni İ. Kubwa ya ı ndiyo I. Sasa mtu anaandika programu kwa lugha ya Java, anageuza "file" kuwa herufi kubwa, kisha analinganisha na "FILE". Kwake inapita vizuri kabisa. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki inatoka "FİLE", ulinganisho unakataa, programu inagoma, na ujumbe wa hitilafu haukuambii lolote la maana. Unaweza kukesha unatafuta. Dawa yake ni kuandika toUpperCase(Locale.ROOT), basi, ili setingi za mtumiaji zisiingilie.

Nimesoma Istanbul mpaka sekondari, na mashine yangu ya majaribio naiweka Kituruki hadi leo. Hitilafu za namna hii zinajianika zenyewe kabla mteja hajazikuta. Wenzangu wanasema nina ukorofi. Sawa tu.

#3
Ufaransa hapa. Kibodi ya AZERTY, yaani mpangilio wa Kifaransa: ukitaka tarakimu unabonyeza Shift, ukitaka mabano ya mraba unashika AltGr. Jaribu kuandika programu kwa lugha ya C, iliyojaa mabano, kutwa nzima hivyo! Unajua mapema tu kwamba walioitunga lugha hiyo walikuwa na kibodi ya Kimarekani mezani. Nilihamia QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, sina la zaidi.

#4
Mimi napingana nanyi kidogo. Mnazungumza kana kwamba kukulia nje kunamfungua mtu macho tu. Nimekulia Marekani, kwenye intaneti isiyokatika, na nadhani kuna mahali kulinifumba. Nikipewa kazi mpya, kichwa changu kinaanza na seva, ile kompyuta kuu ya mbali. Data ikae huko, simu iwe dirisha tu. Binamu zangu, ambao nao ni watu wa programu, wamekulia kwenye mtandao wa kubahatisha. Wao wanaanza na simu: hifadhi kwanza hapo hapo, mtumiaji aendelee na kazi, seva itapata habari mtandao ukirudi. Ukizima data katikati ya kujaza fomu, yangu inazunguka-zunguka, yao inasema imehifadhiwa. Na hata huku niliko, mtu akiingia kwenye lifti, ya kwao ndiyo inayofaa. Kwa hiyo jicho lipo, ila si lazima liwe la aliyeondoka.

#1
Mkuu #4 hapo umenigusa. Ila nikuulize: simu mbili zikibadilisha rekodi ileile zote zikiwa nje ya mtandao, binamu zako wanaamuaje ipi ibaki?

#4
Inategemea ni kitu gani. Maandishi wanabakiza matoleo yote mawili, mtumiaji achague mwenyewe. Idadi hawatumi jumla, wanatuma badiliko: ongeza 2, punguza 1. Kila badiliko lina namba yake ya pekee, likifika mara mbili seva inalipuuza. Anayeshinda asiwe yule aliyeandika mwisho, maana saa za simu haziaminiki. Mtu akirudisha saa nyuma amevuruga kila kitu.