Konda yule wa Kariakoo–Mbezi leo kanivunjia heshima: "mama simama, unalowesha siti"

Jamani nimeingia ndani saa nne na nusu usiku, kitenge bado kinachuruzika, sijanywa hata chai naandika kwanza. Yule konda wa daladala za Mbezi mnamjua, yule anayevaa kofia ya sufu hata jua liwake vipi na kugonga bodi kwa sarafu kama yuko kwenye vigodoro. Huyo huyo. Leo kaninyanyua kwenye siti mbele ya gari zima, "mama simama, unalowesha siti".

Unalowesha siti! Mvua imeanza saa nane mchana, Jangwani pamefungwa, mto Msimbazi uko juu ya lami, mwendokasi hakuna, Kariakoo nzima tumesimama barabarani masaa matatu kama magunia ya mkaa, gari ikija watu wanapitia madirishani, kuna baba wa heshima kabisa na tai yake kaingia kichwa kwanza miguu ikabaki nje inapiga mateke. Nikapigana nikapata siti. Nauli elfu mbili, nikatoa bila kubisha maana alisema anazungukia Buguruni atokee Mandela mpaka Ubungo ndo aende Mbezi, nikasema sawa baba twende. Kufika Buguruni kaingia dada mmoja mkavuuu, ana mwamvuli, ananukia marashi, ndo jamaa ananigeukia mimi. Mama simama, unalowesha siti.

Siti yenyewe sponji limetoka nje, lina maji ya tangu masika ya mwaka jana, paa linavuja tone kwa tone shingoni kwangu, yaani siti ndo ilikuwa inanilowesha mimi! Nina miaka 52, nina wajukuu, huyo mtoto ningeweza kumzaa nikamlea nikamchapa. Na gari zima kimya, mtu anajifanya anaangalia simu iliyozima chaji.

Kutukatishia ruti Tabata Relini na kutotoa chenji hata mia, hayo tumeshazoea. Lakini unalowesha siti? Mvua ile alitaka abiria mkavu atoke wapi?

Mtoto wa Relini: Pole mama. Huyo namjua, mwezi jana alimshusha mzee na jogoo wake eti jogoo anamwangalia vibaya dereva.

Chaliifrancis: Ila mama tuseme ukweli, ulilowa kiasi gani? Ningekaa pembeni yako na mimi ningeomba kuhama 😂😂

Mleta uzi: Wewe mtoto usinitanie. Nimelipa elfu mbili NIKAINULIWA. Umesoma lakini?

Bonge la Magomeni: Nyie wa siti mna raha. Mi nimevushwa Jangwani mgongoni, tumepatana buku, katikati ya maji jamaa anasimama ananiambia "braza una uzito, ongeza buku mbili". Utashukia wapi sasa?

Chaliifrancis: Hahaha bonge hapo jamaa kakuonea huruma, wewe ni wa kuvushwa na fuso

Mzee Kigogo: Bonde lile ni la maji siku zote. Desemba 2011 watu walikufa, wengine wakapelekwa Mabwepande, kesho yake wengine wakarudi bondeni. Mnamlaumu konda.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo, mimi simlaumu konda kwa mafuriko, namlaumu kwa unalowesha siti

Fundi Tanki: Daraja jipya la Jangwani ni mita 390, likiisha haya makelele yataisha.

Mzee Kigogo: Daraja litapitisha magari. Maji yanatoka vilima vya Pugu yanashuka na michanga na machupa ya kila mtaa, mto umejaa kina hakuna. Kwangu Kigogo yameingia mpaka kitandani, daraja litanifutia godoro?

Fundi Tanki: Sasa mzee ulijenga bondeni ulitegemea nini

Mzee Kigogo: Nimejenga 1987 kijana, mto ulikuwa kule chini. Mto ndo umenifuata mimi.

Bonge la Magomeni: Na boda wa Magomeni je? Leo mpaka Ubungo elfu kumi na tano! Na mafuta wanaomba uwawekee

Dada wa Barakuda: Samahani naingilia, kuna mwenye bajaji Tabata saa hizi? Naenda Kinyerezi nimekwama tangu saa moja

Mtoto wa Relini: Kaka yangu anayo. Elfu nane. Upo upande gani?

Dada wa Barakuda: Hapa kibanda cha chipsi. Elfu sita basi, ni mwisho wa mwezi

Mtoto wa Relini: Saba, na muwe wawili. Anakuja, aje na turubai?

Dada wa Barakuda: Aje nalo.