Nimeweka kitasa cha namba, bado wageni wananiamsha saa nane usiku

Mchovu wa Usiku:
Wakuu, naomba msaada. Nina nyumba moja ya kupangisha kwa siku chache chache, ghorofa ya tatu. Nilichoka kukesha nikisubiri watu ambao ndege zao zimechelewa, nikafunga kitasa cha namba. Nikajua nimepona. Wapi! Sasa naamshwa kwa simu: "Tuko mlangoni, haufunguki." Juzi nimebishana na mgeni dakika ishirini, kumbe anabonyeza namba kwenye mlango wa jirani. Na maelezo nawatumia, ukurasa mzima na nusu. Hawasomi. Nyie mnafanyaje?

Bi Funguo:
Pole, ndugu yangu. Huo ukurasa na nusu ndio ugonjwa wenyewe. Mtu katoka safari, mkono huu begi, huu mtoto, simu inakaribia kuzima, intaneti hana. Atasoma saa ngapi?

Mimi nilifuta yote nikabakiza picha tano: geti linavyoonekana kutoka barabarani, njia ya kuingilia, ngazi, mlango, kitasa. Kila picha ina mshale na sentensi moja. Na zipige usiku! Zangu za kwanza nilipiga mchana, na geti langu likiingia giza hata mimi silitambui. Natuma siku moja kabla, namwambia azihifadhi kwenye simu. Namba ya siri haikai kwenye picha, inakuja peke yake asubuhi ya kufika.

Halafu ifuate ile alama yako ya ramani kwa miguu. Yangu ilikuwa inawapeleka watu nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka.

Kufuli Kuukuu:
Naongezea la betri, maana limeshaniadhiri. Kitasa kikianza kuonya, badilisha siku hiyo hiyo. Baadhi vina vidoti viwili vya chuma chini ya vibonyezo. Ukigusisha betri ya volti 9 kinaamka, unafungua. Angalia chako kama kinavyo.

Ufunguo wa akiba weka kwenye kisanduku cha namba, mbali kidogo na mlango. Ila visanduku vya kubonyeza usiviamini sana. Vingi havijali mpangilio: 1479 na 9741 ni kitu kimoja. Kwa vibonyezo kumi na tarakimu nne unapata michanganyiko 210 tu. Cha kuzungusha magurudumu manne kina 10,000.

Mchovu wa Usiku:
Nimerudi. Nilimtumia shemeji yangu maelezo, hajawahi kufika kwangu, nikakaa ndani kimya nikisikiliza. Nikasikia viatu vinapita mlangoni kwangu, vinaendelea kupanda! Kumbe mimi nahesabu ya chini kuwa ya kwanza, yeye haihesabu. Miezi yote hiyo nawalaumu wageni, na jirani wa juu ananinunia.

Nimefuta neno "ghorofa". Nimebandika duara jekundu mlangoni na kuandika: "Panda mpaka ulione." Wageni wawili wamepita, simu kimya. Bi Funguo, swali moja: anayekuwa angani asubuhi hiyo, namba ataipataje?

Bi Funguo:
Huyo mtumie jioni ya jana yake. Kama kitasa chako kinaruhusu, ipangie hiyo namba ianze kufanya kazi saa ya kuingia na ife saa ya kutoka. Na jirani wa juu kamwombe radhi.