Nyuki anakumbukaje kisahani cha sukari? Kemikali za ubongo wake zina kazi gani?

Mrina Asali (Sikonge)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina mizinga 42 katika miombo ya huku Sikonge, mingi ikiwa ya magogo, na nilidhani nawafahamu nyuki hadi mwanangu wa kidato cha tatu aliponiuliza swali lililonishinda. Tunapochuja asali nyumbani nyuki hutuvamia, kwa hiyo tuliamua kuwawekea maji ya sukari pembeni, katika kisahani cha buluu, saa kumi alasiri, siku tatu mfululizo. Siku ya nne tuliweka kisahani kilekile kikiwa kikavu, na kando yake kingine cheupe, kikavu vilevile. Walikuja, wakakizunguka cha buluu, wakatua na kukipapasa ukingo kwa vipapasio vyao, cheupe hawakukigusa. Mtoto akauliza: kichwa chenyewe kidogo kama punje ya mtama, sasa kumbukumbu inawekwa na nini humo ndani? Nimesikia habari za kemikali za ubongo. Naomba wenye elimu wanifafanulie, na wasiniruke ugumu wake.

Mwalimu wa Baiolojia (Tabora Mjini)

Mzee wangu, shikamoo. Ubongo wa nyuki una ujazo wa takriban milimita 1 ya ujazo na seli za neva zinazokaribia milioni 1, ilhali wa binadamu unazo kama bilioni 86. Hata hivyo, nyuki hujifunza haraka sana, na hilo limechunguzwa kwa njia ambayo mwanao angeweza kuielewa vizuri.

Nyuki hufungwa ndani ya kimrija, kichwa peke yake kikibaki nje. Ukimgusa kipapasio kwa tone la maji ya sukari, hutoa ulimi bila hiari, kama sisi tunavyodondokwa na mate. Sasa mpulizie harufu fulani, halafu sekunde chache baadaye mpe sukari. Baada ya kufanya hivyo mara moja hadi tatu, nyuki wengi hutoa ulimi kwa harufu peke yake. Ukigeuza mpangilio, sukari ikatangulia na harufu ikafuata, hajifunzi hivyo, maana harufu inayokuja baada ya chakula haimtabirii kitu.

Mwaka 1993 mtafiti Martin Hammer, aliyekuwa Berlin, alionyesha jambo ambalo mimi binafsi naliona la ajabu kuliko yote katika somo hili. Alipata seli moja tu ya neva, ambayo matawi yake hufika kwenye sehemu zinazopokea harufu na kwenye zile sehemu mbili zenye umbo la uyoga ambamo kumbukumbu za mdudu hujengwa. Aliiamsha kwa umeme mara tu baada ya harufu, bila kumpa nyuki sukari hata chembe, na nyuki akajifunza harufu ile kana kwamba amelishwa. Kemikali inayohusishwa na seli hiyo huitwa oktopamini. Ni jamaa wa karibu wa noradrenalini, kemikali iliyomo katika ubongo na mwili wetu, na jina lake limetokana na pweza, kwa sababu iligunduliwa kwanza katika tezi zake za mate. Mwaka 1998 Hammer na Randolf Menzel waliidunga oktopamini yenyewe katika sehemu hizo za ubongo, na nyuki wakajifunza vilevile.

Lakini tusikosee hapa: kumbukumbu haimo ndani ya oktopamini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ila mbiu yenyewe haisemi ni jambo gani. Rangi na harufu hufika ubongoni kwa njia zake. Oktopamini hutangaza tu kwamba kilichopo sasa hivi kina faida, na miunganiko ya neva iliyokuwa ikifanya kazi wakati huo ndiyo inayobadilika. Ndani ya seli, tangazo hilo huongeza molekuli ndogo iitwayo saikliki AMP. Tulilijua hilo zaidi kutoka kwa inzi wadogo wa matunda: tangu miaka ya 1970, kwanza katika maabara ya Seymour Benzer huko California, walipatikana inzi wasiokumbuka, na ikaja kubainika kwamba kwa baadhi yao jeni zilizoharibika ni za vimeng'enya vinavyotengeneza au kuvunja molekuli hiyo. Kumbukumbu ya kudumu huhitaji pia protini mpya, ndiyo maana marudio ya siku zako tatu yalikuwa na maana kuliko kulisha mara moja.

Bwana Nyuki (Urambo)

Mwalimu amesema vema. Naongeza upande wa maumivu, maana nyuki wetu wa Tabora wanaujua zaidi upande huo! Oktopamini ni ya tuzo, dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, ni ya adhabu. Mwaka 2007 watafiti waliwapa nyuki harufu pamoja na mshtuko mdogo wa umeme, nao wakajifunza kutoa mwiba kwa harufu peke yake; dopamini ilipozuiwa hawakujifunza. Mwaka huohuo ilionekana kwamba harufu ya malkia huwazuia vibarua wachanga kujifunza ubaya wa namna hiyo, kwa kuwa ndani yake mna kemikali inayofanana na dopamini na kuingilia kazi yake. Kwa hiyo huenda wale vijana wanaomhudumia malkia hawawezi kujifunza kumkimbia, hata kama harufu yake ingekuwa inawaudhi.

Mwanafunzi Mnyamwezi

Bwana Nyuki, kwa heshima, mgawanyo huo ulikuwa safi mno. Ulikubalika kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2012 tafiti za inzi wa matunda zilionyesha kwamba ziko neva nyingine za dopamini zinazobeba ujumbe wa tuzo, na kwamba oktopamini, walau kwa utamu wa sukari, hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuziamsha hizo. Kinachoamua si jina la kemikali bali ni neva ipi imeimwaga, na kwenye kipande kipi cha ule uyoga.

Kwa Mzee wa Sikonge: jaribio lako ni ndugu wa lile la mtafiti wa nyuki Karl von Frisch la mwaka 1914, ila yeye aliweka karatasi ya buluu katikati ya karatasi nyingi za kijivu, nyeupe hadi nyeusi, ili ijulikane kwamba nyuki wanaona rangi na si mwanga tu. Zaidi ya hayo, nyuki huacha harufu yao mahali walipokula. Huenda kisahani chako kilinukia nyuki.

Mrina Asali (Sikonge)

Nimewaelewa, na kosa langu nimeliona. Swali moja: majirani zetu huogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe yenye amitrazi, na wengine wanapulizia tumbaku yao dawa za wadudu. Je, dawa hizi hazigusi kemikali hizohizo?

Mwalimu wa Baiolojia (Tabora Mjini)

Zinagusa, Mzee. Amitrazi humshika kupe palepale oktopamini inaposhika. Nyuki huivumilia zaidi, ndiyo maana kuna nchi zinazoitumia hata mizingani dhidi ya utitiri wa varoa. Imidakloprid na jamii yake, ambazo ni dawa za kuulia wadudu wa mimea, ni hatari zaidi kwa nyuki: hushika vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo, asetilikolini, vilevile vinavyoshikwa na nikotini ya tumbaku, na uyoga wa ubongoni umejaa vipokezi hivyo. Kiasi kisichomuua nyuki kinaweza kumharibia kumbukumbu ya njia, akaondoka mzingani asirudi. Ongea na majirani wasipulizie wakati mimea imechanua.

Mrina Asali (Sikonge)

Mrejesho. Jana tulinunua visahani vipya, kimoja cha buluu na vitatu vya kijivu tofauti, vyote havijaguswa na nyuki, tukavipanga tofauti na mahali pa zamani. Saa kumi na dakika chache walitua sita kwenye cha buluu na mmoja kwenye kijivu cha mwisho. Huyo mmoja mwanangu anadai ni mgeni, hakuwepo siku zile tatu. Kesho tunawatia alama ya rangi mgongoni.