Ampli (mashine ya kukuza sauti) ya sebuleni hapa Bukavu: ya zamani ya Japani, ndogo ya chipu, ama ile ya kanisa?

Mtoto_wa_Kadutu:
Hamjambo wakubwa. Niko na bafle (spika) mbili, nyuma zimeandikwa omu 8 (ukinzani wa umeme), desibeli 88 (ukubwa wa sauti). Chumba ni mita 4 kwa 5, kuta za mbao. Nasikiliza rumba, hasa ile ya zamani. Mfuko wangu haupiti dola 200. Nimeonyeshwa tatu: Sansui iliyotoka Japani, muuzaji anasema wati 60 kila upande, kijiampli cha chipu TPA3255, kinakaa kiganjani, na Crown XLS 1002 ambayo kanisa fulani linaiuza. Nichukue ipi?

Fundi_Nyawera:
Mdogo wangu, kabla ya wati, geuza hiyo Sansui usome mgongoni. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, sisi ni 220. Mashine za namna hiyo naletewa zikiwa zimechomekwa ukutani hivihivi, transfoma imeiva, na mwenyewe ananiuliza kama ni fyuzi tu! Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, ongeza bei ya transfoma ya kushushia, tena isiwe ile ndogo ya redio. Na kapasita, vile vijisehemu vya ndani vya kutunza chaji, zimezeeka, zitataka kubadilishwa. Ikishatengenezwa inaimba, hapo sibishi.

Katuba_Stereo:
Mimi niko Lubumbashi, Crown hiyo ninayo. Wati 215 kila upande kwa omu 8. Nguvu ipo, ila ina feni, na usiku wimbo ukishuka unaisikia. Halafu ni ampli ya nguvu tupu: haina pa kuchagua kati ya simu na redio. Utahitaji kitu kingine mbele yake.

Yaya_wa_Nguba:
Wati 215 kwa chumba cha mita 4? Unataka kuezua mabati ya jirani? Piga hesabu. Bafle yako ikipewa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake unapata desibeli 88, na hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu apaze sauti akitaka kuongea. Kila unapozidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu: wati 2 ni 91, 4 ni 94, 8 ni 97, 16 ni 100, 32 ni 103. Kutoka 60 kwenda 215 hujafika hata desibeli 6. Wati 30 safi zinakutosha, hata sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikipanda. Katika kuta za mbao besi ndiyo itakusumbua: sogeza bafle mbali na kona kwanza, hiyo ni bure.

Mtoto_wa_Kadutu:
Asante yaya. Lakini kijiampli kimeandikwa kwenye boksi wati 300 mara mbili. Halafu kwangu umeme unapanda na kushuka, jioni taa zinakuwa nyekundu. Niko na paneli na betri za volti 24.

Fundi_Nyawera:
Hilo la betri ungelisema mapema! Soma adapta yake: volti 48, ampea 5. Zidisha: 240. Wati 600 zitatoka wapi, mbinguni? Boksi halioni haya. Ila kijiampli cha volti 24 hadi 48 kinaweza kuunganishwa kwenye betri zako moja kwa moja, na kwa omu 8 utapata kama wati 30. Ni zile alizosema yaya. Weka fyuzi kwenye waya, karibu na betri. Anayetumia betri za 48 asiige: zikichajiwa zinapita 55, na chipu hiyo haitakiwi kuvuka 53 na nusu.

Katuba_Stereo:
Chipu hizo zina kasoro moja. Kwa nyingi za bei rahisi, kichujio cha mwisho kinabaki nje ya mzunguko unaosahihisha sauti, kwa hiyo sauti nyembamba zinabadilika kufuatana na bafle. Kwangu gitaa lilikuwa kali kama wembe, kwa bafle za shemeji likawa sawa. Usinunue bila kusikiliza na bafle zako mwenyewe.

Yaya_wa_Nguba:
Hapo ni kweli. Beba bafle zako, hata kwa pikipiki.

Mtoto_wa_Kadutu:
Wa Sansui amenitumia picha ya mgongo: 100 peke yake. Naiacha. Fundi, Jumamosi nakuja kujaribu kijiampli, na bafle pamoja na betri moja moja hadi zitimie mbili, ngazi za Kadutu mnazijua.