Brashi gani inafaa kupakia fondesheni ya maji? Mistari haiishi usoni

Binti_wa_Gungu
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa nyie mnaopamba maharusi. Niko Kigoma mjini huku Gungu, dada yangu ana sendofu mwezi ujao na kasema wazi hataki mpambaji mwingine, anataka nimpambe mimi. Nyusi naweza, macho naweza, wanja haunipi shida kabisa, kinachonishinda ni fondesheni tu. Natumia ya maji, rangi imemkubali vizuri mpaka shingoni lakini nikipaka inabaki mistari mistari kuanzia shavuni kushuka kidevuni yani unaona kabisa brashi ilipopita, na pembeni mwa pua inajikusanya. Brashi ninayotumia ni ile bapa nyembamba inayokuja kwenye seti. Sasa kuna duka pale Mwanga wana za kila aina, kuna fupi nene kichwa kimekatwa sawa, kuna nyepesi za rangi mbili nyeusi kwa nyeupe, kuna za nywele laini sana, kuna sponji, na muuzaji anasema zote ni za fondesheni. Nichukue ipi? Hela ninayo ya kununua moja nzuri, siyo seti. Af msisahau na joto la huku, ukumbi wenyewe uko karibu na ziwa.

Mama Shukuru
Mdogo wangu hongera kwa kuaminiwa na dada yako. Chukua ile fupi nene iliyokatwa sawa, usizunguke sana. Hiyo bapa uliyonayo inasambaza fondesheni lakini haiichanganyi na ngozi, nywele zake ni chache na zimepangwa upande mmoja kwa hiyo ukivuta tu lazima iache njia. Hii nene nywele zimebanana, inasukuma fondesheni iingie vizuri na inaficha madoa bila kurundika. Ila hata hiyo ukiivuta kama unapaka rangi ukuta mistari itarudi palepale. Weka tone dogo mgongo wa kiganja chako, gusisha brashi, anza katikati ya uso, gongagonga kwanza ndo uzungushe viduara vidogo ukielekea nje kwenye masikio na chini ya taya. Pembeni mwa pua usiongeze kitu, pitisha brashi na yale yaliyobaki tu. Na safu mbili nyembamba zinakaa kuliko moja nzito, hasa kwenye joto.

Mpambaji_MwishoWaReli
Naongezea kwa Mama Shukuru, angalia nywele zenyewe ni za nini, mimi naona hapo ndo penye kosa la wengi. Kwa kitu cha maji au cha krimu chukua nywele za plastiki, zile za nailoni, maana hazinyonyi sana. Nywele za mnyama kama mbuzi zinanyonya, nusu ya fondesheni inabaki ndani ya brashi na kuisafisha ni kazi, hizo ziachie poda. Ukifika dukani ikandamize mgongoni mwa kiganja, nywele zirudi zenyewe haraka. Zivute kidogo kwa vidole, zikitoka tatu nne hapo hapo irudishe maana zitabaki usoni kwa bibi harusi. Ipitishe shingoni uone kama inachoma. Halafu tikisa kile kibati kinachoshika nywele, kikicheza achana nayo hata kama mpini ni wa dhahabu.

Binti_wa_Gungu
Asanteni sana. Kumbe ndo maana, yule muuzaji alinisisitiza ya nywele za mbuzi kwamba ndo ghali kwa hiyo ndo bora.

Mpambaji_MwishoWaReli
Ni bora kweli, kwa poda. Hakudanganya, hakuuliza tu unapakia nini.

Sista_Katubuka
Jamani mbona mnaipita sponji? Mi napamba mwaka mzima na fondesheni siwezi kumaliza bila sponji. Unailowesha maji mpaka inavimba, unaikamua vizuri kwa taulo ibaki na unyevu tu, ndo unagongagonga. Hakuna mistari kabisa, na kwa mtu mwenye ngozi kavu hakuna kinachoishinda. Mikunjo ya pua na chini ya macho inafika bila shida.

Mama Shukuru
Sista sipingi, ila sponji inakunywa fondesheni nyingi na inapunguza uzito wake, kwa sendofu ya kupigwa picha usiku kucha binti ataongeza ataongeza mpaka uso uwe mzito. Mimi namshauri apake kwa brashi, sponji ipite mwishoni kugandamiza tu na kutoa iliyozidi. Sponji ni bei ndogo anaweza kuchukua na hiyo.

Sista_Katubuka
Hapo tumekubaliana mama.

KakaVipodozi
Dada, kabla ya fondesheni unampaka nini? Nauliza kwa sababu mi nauza hivi vitu na wateja wengi wanarudisha brashi wakati brashi haina kosa.

Binti_wa_Gungu
Losheni, halafu praima, halafu naanza hapo hapo.

KakaVipodozi
Basi angalia na hapo. Losheni ikiwa bado mbichi fondesheni inateleza juu yake, haishiki, brashi ikipita inaisogeza tu. Mpe dakika kadhaa ikauke ndo upake praima, nayo uiache itulie. Pili geuza chupa zote mbili usome viungo, ukiona juu juu kuna maneno yanayoishia na -cone au -siloxane hiyo ni ya silikoni. Praima ya silikoni ukiiwekea fondesheni isiyo na silikoni mara nyingi zinakataana, inakuwa vipandevipande na hakuna brashi ya kuokoa. Jitahidi ziwe za aina moja. Halafu kuna alama ya kikopo imeandikwa 12M au 6M, ni miezi ya kutumia tangu ufungue, fondesheni iliyokaa sana inajitenga yenyewe humo kwenye chupa.

NesiTabora
Niongee la usafi maana naona halijaguswa. Hiyo brashi mpya ioshe kabla haijagusa uso wa dada yako. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi Marekani, wanashauri kuosha brashi kila baada ya siku 7 hadi 10, na hiyo ni kwa mtu anayetumia peke yake, ukimpamba na mtu mwingine osha kabla ya kumgusa. Maji ya vuguvugu na shampuu ya mtoto inatosha. Nywele zielekee chini muda wote, maji yakiingia kwenye kibati gundi inalegea na nywele zinaanza kutoka. Ikamue kwa taulo, ilaze kichwa kikining'inia ukingoni mwa meza, usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa mbichi. Sisi huku Tabora kukavu inawahi, nyie wa ziwani msimu wa mvua mpeni usiku mzima na zaidi. Na sponji jamani msiifungie kwenye pochi ikiwa na maji, inaota ukungu ndani ambao kwa nje huuoni, halafu mtu anatokwa chunusi analaumu fondesheni.

Binti_wa_Gungu
Nimeelewa, kesho naenda Mwanga. Jumamosi ntamjaribisha dada mchana kwenye joto lenyewe, nimpige picha nje kwenye jua nione.

Mpambaji_MwishoWaReli
Hapo umefikiria vizuri, akae nayo masaa kadhaa usiifute mapema. Na ile ya rangi mbili hatujakujibu. Nywele zake ziko mbalimbali, zinagusa kidogo, inatoa fondesheni nyepesi ya kwendea kazini ngozi ionekane. Kwa sendofu iache, ukipata hela nyingine ndo uirudie.