Punje za laktasi zinalainika kwenye maziwa

MamaMaziwa, Njoro: Jamani, naomba msaada. Nauza maziwa, na nina wateja ambao laktosi, yaani sukari ya maziwa, huwavimbisha tumbo. Laktasi, kimeng'enya kinachoivunja laktosi kuwa glukosi na galaktosi, ni ghali, na nikishaitia kwenye maziwa siipati tena. Nikaamua kuifungia ndani ya aljineti, ute unaotokana na mwani: nachanganya, nadondosha kwa sindano kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu, napata punje kama dengu. Siku ya kwanza safi kabisa. Siku ya tatu, uji! Mume wangu anaziita mayai ya chura.

Fundi_Kisumu: Dada, kosa si lako, ni la maziwa. Yana chumvi za fosfeti na sitreti, nazo hunyakua kalsiamu inayoshikanisha nyuzi za aljineti. Kila ukimaliza mkupuo, suuza punje, uziloweke tena kidogo kwenye kalsiamu. Na ziwe ndogo, la sivyo laktosi haifiki katikati.

Mzee wa Maabara: Usithubutu kuzikaza kwa glutaraldehaidi nyumbani, ni sumu. Mbinu yenyewe ya kufunga kimeng'enya ili kitumike tena si ngeni: kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani iliipeleka kiwandani 1969, ila kwa kutengeneza asidi amino. Mimi ningeogopa bakteria wanaojificha kati ya punje. Chemsha maziwa, yapoe, kazi yote ifanyike ndani ya friji.

MamaMaziwa: Asanteni. Leo mkupuo wa nne, punje bado ngumu. Kijiti cha kupima glukosi kimebadilika rangi, kwa hiyo laktasi iko hai. Harufu ikibadilika nitazitupa.