Yoga kwa maumivu ya kiuno na kukosa usingizi: nianzie wapi?

FundiCherehani
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni cherehani, masaa 9 kwenye kiti. Kiuno kinauma tangu mwaka jana, na usiku usingizi unachelewa kwa sababu akili haitulii. Hospitali walipima wakasema ni misuli, mifupa iko salama. Naambiwa yoga inasaidia yote mawili. Ni kweli? Na kama ni kweli, nifanye nini hasa? Nina nafasi ya mkeka mmoja chumbani na dakika 20.

NyongaHuru
Kwa kiuno cha kukaa, ni kweli. Mwongozo wa American College of Physicians (chama cha madaktari wa Marekani) wa mwaka 2017 unaitaja yoga kati ya mambo ya kujaribu kabla ya vidonge, kwa maumivu ya kiuno yaliyozidi wiki 12. Ila usiipime kwa wiki moja. Jipe wiki 8 hadi 12, mara tatu au nne kwa wiki.

Ukikaa siku nzima, misuli ya mbele ya nyonga inabaki imejikunja na ya makalio inazubaa. Ukisimama, ile ya mbele inavuta pingili za chini, na kiuno kinabebeshwa kazi ya makalio. Ndiyo maana usianze kwa kuinama kushika vidole vya miguu. Wengi wanajiumizia hapo.

Anza kwa kupiga magoti, viganja chini ya mabega. Ukivuta pumzi, kifua kiende mbele na kiuno kibonyee. Ukitoa, viringa mgongo kama paka aliyeshtuka. Mara 10, taratibu.

Halafu peleka mguu mmoja mbele, goti la nyuma likae juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Kabla hujasogea mbele, vuta kinena juu kuelekea kitovu. Usipofanya hivyo kiuno ndicho kitakachopinda, na nyonga itabaki vilevile hata ukikaa hapo nusu saa. Pumzi 5 kila upande, mara mbili.

Malizia na daraja: lala chali, magoti juu, nyayo upana wa nyonga. Kaza makalio kwanza, ndipo uinuke. Nyuma ya paja pakikamata, visigino viko mbali. Visogeze karibu na makalio. Inuka mara 8, kila mara ukae juu pumzi 3.

PumziNdefu
Kwenye usingizi, pumzi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Moyo huongeza mwendo kidogo ukivuta hewa na kuupunguza ukiitoa, kwa amri ya neva ya vegasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni. Kwa hiyo refusha kutoa: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, yote puani. Hesabu moja ikiwa sekunde moja, hizo ni pumzi 6 kwa dakika.

Lala chali, weka pakiti ya unga ya kilo moja juu ya kitovu. Ipande ukivuta, ishuke ukitoa. Pakiti ikitulia na mabega yakawa ndiyo yanayopanda, hewa inaishia kifuani. Dakika 5 zinatosha, na ukiweza weka miguu ukutani.

Ukisikia kizunguzungu au vidole vinachonyota, usidhani ndiyo yoga imekolea. Umevuta hewa nyingi mno, kaboni dayoksaidi imeshuka mwilini. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida, kisha anza tena kwa hewa kidogo.

MtazamaMgongo
Naongezea kwa wengine watakaosoma hapa. Mwenye presha ya macho aache mikao yote ya kichwa chini, kwa sababu inapandisha shinikizo ndani ya jicho. Mwenye presha ya damu asibane pumzi. Mjamzito aliyevuka miezi mitano asilale chali muda mrefu. Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, acha kuinama mbele na urudi kupimwa. Ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukakataa, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Na tusidanganyane kwamba yoga "inatoa sumu mwilini". Kazi hiyo ni ya ini na figo. Yoga ya taratibu pia haichukui nafasi ya kutembea kwa kasi. Moyo unahitaji walau dakika 150 za aina hiyo kwa wiki.

FundiCherehani
Asanteni sana. Nimejaribu ile ya paka, vifundo vya mikono vinauma kabla hata ya mara 10. Nakosea wapi?

NyongaHuru
Uzito wote umeuangushia kwenye kitako cha kiganja. Tanua vidole, kisha kandamiza sakafu kwa fundo la chini la kidole cha shahada na la kidole gumba, mpaka usikie uzito umehamia mbele. Viganja visiwe mbele ya mabega. Bado vikiuma, kunja ngumi au shukia vigasha. Kiuno kitapata kilekile. Kwa mkono unaoshika mkasi kutwa, anzia vigasha.

Na huo mkeka, kama sakafu ni ya marumaru, tandika kitambaa chenye unyevu kidogo chini yake usiteleze wakati wa kusogeza mguu mbele.